Babu Hakuwa Anaumwa Mgongo

Babu amenipa ruhusa ya kuandika haya kwa masharti mawili. La kwanza, nisiandike jina lake la kwenye kitambulisho. La pili, nisiandike kwamba alilia siku ya sindano. Hilo la kwanza nimelitii.

Mimi naitwa Idrisa, nina miaka kumi na minane, nasoma, na shuleni nimeshaitiwa mzazi mara mbili kwa sababu ya mdomo. Nasema mapema msije mkadhani anayeandika ni mtu wa maana. Lakini ugonjwa huu nimeupitia benchi kwa benchi, tangu masika hadi vuli, na najua kuna wajukuu wengine mjini hapa ambao babu zao wanaumwa kitu hichohicho na wanasema ni mgongo. Hao ndio ninaowaandikia.

Ugonjwa wenyewe, kwa lugha ya vibao vilivyobandikwa kwenye nguzo za umeme Kariakoo, ni upungufu wa nguvu za kiume. Daktari ana jina lake refu. Babu kwa mwaka mzima aliuita mgongo.

Tunaishi watatu, mimi, Babu na Bibi, kwenye vyumba viwili vya mbele na stoo moja, Mtaa wa Sikukuu. Babu ni fundi wa vyerehani. Alikuja mjini kutoka Masasi akiwa kijana, na mpaka leo akipita nje ya duka la ushonaji anaweza kukwambia mashine ipi humo ndani inakaribia kukata uzi. Baba yangu, Rashidi, mtoto wao mkubwa, anaishi Mbagala na huja Jumapili.

Kwetu mjukuu na babu ni watani. Baba yangu hawezi hata kukaa kwenye kitanda cha baba yake, lakini mimi naweza kumwambia Babu kwamba meno yake yamebaki ya kuchagua kazi, naye akacheka mpaka akapaliwa. Bibi namwita mke wangu. Yeye ananiita mume wangu tangu enzi ananifuta makamasi, na Babu ananiita mwizi. Ni utani wa kawaida, majumba mengi yanao. Nautaja kwa sababu bila huo, mzee yule angezikwa na siri yake.

Mambo yalianza mwanzo wa masika, ile wiki ambayo matope ya Kariakoo yanakuvua kandambili na usiipate tena. Nimetoka shule, nakuta watu wamejaa kibarazani kwa Babu. Fundi kaanguka. Alikuwa ameinama kufungua mashine ya mteja, akasimama, akaenda chini mzima mzima.

Nilimkuta wodini na dripu mkononi. Aliponiona tu akaanza.

"Mwizi. Baba yako yuko wapi?"

"Yuko njiani, anatoka Mbagala."

"Basi sikiliza upesi kabla hajafika. Kwenye boksi la sindano za vyerehani, chini kabisa, kuna vipakiti. Katupe. Usimwonyeshe Bibi yako."

"Vya nini?"

"Dawa ya mgongo."

Kumbe kimoja kilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, na muuguzi alikuwa amekiweka mezani. Nikakigeuza. Kina picha ya simba dume amepanua mdomo, chini yake hakuna hata jina la aliyetengeneza.

"Babu," nikamwambia, "mgongo gani huu unatibiwa na simba?"

Nilitegemea anitukane. Hakunitukana. Aligeuzia uso ukutani, na mabega yakaanza kutikisika, nami mjinga nikadhani anacheka. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu. Akaniambia kila kitu kwa sauti ya chini. Mwili umemgomea, mwaka sasa. Mwanzo alidhani ni uchovu. Akaanza kununua unga, halafu vidonge, halafu unga na vidonge pamoja. Bibi alipoanza kushangaa, akasema mgongo unamuuma, akahamishia godoro stoo, akawa analala katikati ya vyerehani mabovu.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Nimwambie nani? Baba yako? Nitamtazama usoni vipi?" Akafuta macho kwa shuka. "Wewe ni mtani. Wewe huna adabu, kwa hiyo kwako hakuna cha kuharibika."

Ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa na mtu mzima.

Daktari wa wodi alikuta sukari iko juu sana, na hiyo sukari ilishakaa mwilini muda mrefu bila mtu kuijua. Ule unga wa simba nao ukawa umeishusha presha ghafla. Alimwandikia barua ya kwenda kliniki moja ya Upanga inayoshughulika na mambo hayo ya kiume. Akamwambia wazi, nikiwa nimesimama pale: "Mzee, siku hiyo uje na mwenzi wako. Hili halitibiwi mtu mmoja."

Siku ilipofika Babu akavaa kanzu safi, akamwambia Bibi tunaenda Mchikichini kunitafutia viatu vya mtumba, akaenda na mimi.

Chumba cha kusubiria cha Upanga kilikuwa na kiyoyozi, runinga isiyo na sauti, na wanaume kumi na mmoja ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa mgonjwa. Wote walikuwa wamemsindikiza mtu. Mtu mwenyewe haonekani. Jamaa mmoja alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, mwingine alikuwa anaongea na simu ambayo nilikuwa naona kabisa imezima. Babu alikuwa amekuja na mfuko wake wa bisibisi, na alipoulizwa na jirani yake kwenye benchi akasema ameitwa kurekebisha mashine. Jirani akafurahi. Akamwambia mke wake ana cherehani inaruka mishono. Mpaka tunaitwa ndani, Babu alikuwa ameshapata wateja wawili.

Daktari alikuwa mwanamke. Hapo nikajua shughuli ipo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu. Na huyu?"

"Ndiye mwenzangu. Niliambiwa nije na mwenzangu."

Daktari akanitazama mimi, akaitazama barua, akanitazama tena. "Walimaanisha mama, babu."

"Mama ana shughuli."

"Haya. Tatizo ni nini?"

Babu akatazama feni. Akatazama chati ya ukutani, akajuta kuitazama. Mwisho akasema: "Mgongo."

Barua ipo mezani, kila kitu kimeandikwa, lakini daktari akaweka kalamu chini anamsubiri aseme mwenyewe. Nikaona mkono wa Babu unautafuta ule mfuko wa bisibisi, nikajua huyu sasa anaondoka, na akiondoka leo tunarudi kwa simba. Nikafanya kitu pekee ninachokijua.

"Daktari," nikasema, "mgongo wake ni mzima, juzi kabeba cherehani ya chuma peke yake. Tatizo ni kwamba mimi na yeye tuna mke mmoja, na yeye ameacha kushindana. Mimi binafsi sina malalamiko."

Daktari akajaribu kujizuia, akashindwa. Babu akanipiga kofi la kisogoni, halafu akaanza kucheka yeye mwenyewe, kicheko cha kukohoa, na kikiwa hakijamalizika vizuri akasema: "Mwanangu, huyu mwizi anasema kweli." Akaanza kuongea. Nikafukuzwa nje. Waliongea nusu saa.

Babu aliponiita nimsomee fomu, daktari alirudia mambo makuu, na nayaandika kama alivyoyasema kwa sababu ndiyo yatakayowafaa. Kwanza sukari, bila hiyo hakuna kinachoanza. Pili, kuna mashine ya mawimbi ya kuamsha mishipa, na kuna njia ya kumchoma mtu sindano ya sehemu ya damu yake mwenyewe. "Wengine wanapata nafuu, wengine hawapati. Wataalamu bado wanazichunguza njia hizi. Mimi sikuahidi kitu, babu. Anayekuahidi ni yule wa kwenye pakiti."

Tulipotoka Babu akasema, "Huyu namwamini. Fundi anayesema mashine hii sina hakika nayo, huyo ndiye fundi."

Masika yote ikawa sukari. Kuhusu sukari Bibi alijua, na aliishughulikia kama vita. Chai ya mkandaa bila maziwa wala sukari, dona, mchicha, chapati marufuku. Asubuhi tukawa tunatembea mimi na Babu mpaka Mnazi Mmoja, tunazunguka viwanja mara tatu kabla sijaenda shule. Wiki za kwanza alikuwa anasimama kila baada ya hatua kadhaa, anajifanya anatazama miti. Mwezi wa pili nikawa mimi ninayetazama miti. Tumbo likaisha. Suruali zikawa zinashikiliwa na kamba. Wapangaji wakaanza kunong'ona kwamba fundi anaumwa ule ugonjwa mkubwa, nami nikawaambia hapana, anajiandaa na mbio za wazee. Walishaniamini kwa mambo ya kijinga zaidi ya hayo.

Kipupwe kilipoingia zikaanza Jumamosi za mashine. Jumamosi sita. Mimi nabaki benchini na madaftari yangu ya jiografia, yeye anaingia, mlango unafungwa, halafu nasikia tak-tak-tak-tak kama robo saa. Jumamosi ya kwanza alitoka anapepesuka kidogo.

"Inauma?"

"Haiumi. Inachosha akili. Nimemwambia yule muuguzi mashine yake ina kitu kimelegea, haiendi sawa. Kanambia nilale."

Jumamosi ya tatu alikuwa anawasalimia wote pale kwa majina, yaani majina ya uongo waliyompa. Ya tano alimkuta kijana mmoja anataka kutoroka kabla hajaitwa. Akamkalisha. Sikusikia alichomwambia, maana alimsemea sikioni, lakini kijana alikaa.

Sasa nyumbani. Nyumbani mambo yalikuwa yanaharibika, na hapa siwezi kuweka utani mwingi.

Kila Jumamosi Babu anaoga, anavaa kanzu iliyopigwa pasi, tunaaga tunaenda Mchikichini kutafuta viatu. Jumamosi sita, na mimi bado nimevaa viatu vilevile vilivyopasuka ubavuni. Bibi si mjinga. Mume kahama chumba, kapungua mwili, ananukia sabuni, na kila wiki anapotea asubuhi na mjukuu wa kumfunikia. Ungekuwa wewe ungefikiria nini? Alifikiri Babu ana mke mwingine, na kwamba mimi namjua huyo mke.

Hakuuliza. Laiti angeuliza. Aliacha tu kuniita mume wangu. Akawa ananiita Idrisa. Anaweka sahani mezani, "Idrisa, chakula," anaondoka. Sijawahi kuchapwa kukauma namna ile. Nilimwambia Babu, "Mwambie, mimi huku naumia." Akasema, "Nitamwambia nikipona." Nikamuuliza, "Na usipopona?" Akaendelea kufunga skrubu.

Baada ya mashine daktari akashauri ile njia ya damu, mara mbili. Wanakutoa damu mkononi, wanaizungusha kwenye mashine mpaka inajigawa, juu inabaki maji ya njano kama samli iliyoyeyuka, halafu hayo maji wanakuchoma nayo kwa sindano. Wapi, mnajua. Babu alipoelezwa akauliza, "Yaani mnachukua damu yangu halafu mnanirudishia mimi mwenyewe, na nalipa?" Daktari akasema ndiyo. Akasema, "Basi nyie ni watoto wa Kariakoo." Akaingia. Kulikuwa na dawa ya ganzi, lakini mimi nilisikia "yalaaa!" moja mpaka jamaa wa miwani ya jua akaivua. Alipotoka macho yalikuwa na maji. Nimeshasema kuhusu sharti la pili.

Siku ile alitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Bibi alimwona anavyoingia mlangoni, akaona na plasta ya mkononi, akanyoosha mkono kumshika. Babu akarudi nyuma. Alikuwa anaogopa maumivu tu. Lakini Bibi aliuona mkono wake umekataliwa mbele yangu. Kesho yake Jumapili, Baba alipofika, alikuta begi la Bibi limefungwa liko koridoni.

Tukakaa kikao chumbani. Bibi kwenye mkeka, Babu kwenye kiti chake, Baba katikati, mimi karibu na mlango.

"Naenda Masasi kwa kaka yangu," Bibi akasema. Hakulia. "Mimi sijafukuzwa. Ila nimeelewa."

Baba yangu ni mtu wa kuswali safu ya mbele, hajui kuzungusha maneno. Akainamisha kichwa akamuuliza baba yake: "Mzee, umeoa?"

Babu akatazama mkeka.

"Mzee, kama umeoa ni haki yako, lakini sema."

Nilimwona anavyofungua mdomo na kuufunga. Mbele ya mwanawe asingesema, hata kama begi lile lingeondoka pale pale. Baba akanigeukia mimi.

"Idrisa. Jumamosi mnaendaga wapi?"

Nikisema hadharani, namvua nguo Babu mbele ya mtoto wake. Nikinyamaza, Bibi anapanda basi. Bibi ananitazama, na yale macho hayakuwa ya hasira, yalikuwa ya mtu anayeomba.

"Baba," nikasema, "naomba utoke nje."

"Unasemaje?"

"Hii kesi ina watu watatu tu. Mke, na waume zake wawili. Wewe hapa ni mtoto wa nyumba, mambo ya wazazi wako yanakuhusu nini? Toka, tukishamaliza tutakuita ule."

Baba akainuka na mkono ushapanda. Nami nikafumba macho, kofi la Baba nalijua. Halikuja. Nikasikia sauti ya Babu.

"Mwache. Mwanangu, toka kwanza kidogo."

Baba akatoka, hajaelewa. Babu akateremka kwenye kiti, akakaa chini mkekani, mkabala na Bibi. Sikuwahi kumwona akikaa chini tangu alipoanguka.

"Mama Rashidi," akasema, "mimi mgongo hauniumi. Haujawahi kuniuma."

Bibi akamtazama.

"Ni mwili. Umenigomea. Naenda hospitali kila Jumamosi, na mwizi huyu ndiye ananisindikiza. Niliona aibu. Nilifikiri ukijua utaniona si mtu."

Mimi nikatoka. Hata asiye na adabu ana mahali pa kuishia. Nikasimama koridoni na Baba, tumepeana migongo. Ndani nikasikia kilio cha Bibi, kile cha chini kabisa. Nikajua nimeharibu. Halafu sauti ikapanda ghafla, koridoni kote ikasikika:

"Mwaka mzima! Mwaka mzima nakukanda mgongo kwa mafuta ya karafuu! Mikono inaniwaka! Kumbe mgongo mzima?"

"Nisamehe."

"Mafuta yale unajua yanavyopatikana? Mwaka mzima, wewe mwanaume! Na unajigeuza, 'kanda hapo chini kidogo'!"

Halafu Babu akacheka. Halafu Bibi. Walicheka mpaka mpangaji wa chumba cha tatu akatoa kichwa. Baba akanigeukia, uso umemlegea.

"Wanacheka nini?"

"Mambo ya wakubwa, Baba."

Akaenda kulifungua begi la Bibi mwenyewe, akaanza kutoa khanga moja moja, kimya kimya, anazipanga kwenye kiti cha koridoni. Mpaka leo hajauliza. Nadhani anajua. Namheshimu kwa kutouliza.

Jioni Bibi aliniletea sahani. Ilikuwa na kipande cha nyama kikubwa kuliko cha Babu. "Kula, mume wangu," akasema, "ila ukinidanganya tena nakupa talaka tatu."

Sindano ya pili ilikuwa vuli, siku ya mvua. Tulienda watatu. Bibi alivaa khanga mpya, akaingia chumba cha kusubiria, akawasalimia wanaume wote kwa sauti kama yuko harusini. Jamaa wa simu iliyozima aliangusha simu. Alipouliza mmoja wao, "Mama, umemsindikiza nani?" akajibu, "Mume wangu, anatibiwa," akakaa, akatoa kitambaa akaendelea kufuma. Babu alikuwa pembeni yake, na nilimwona anakaa wima.

Safari hii hakupiga kelele ndani. Au alishikwa mkono, sijui. Mara ya mwisho kwenda ilikuwa wiki kadhaa baadaye, kwa ajili ya kuangaliwa tu. Niliitwa kusoma karatasi mpya ya dawa za sukari, ndiyo nikawakuta wamekaa mbele ya daktari, yeye na kalamu yake.

"Haya, babu. Kuna mabadiliko?"

Babu akamtazama Bibi. Bibi akajifunga khanga vizuri.

"Daktari," akasema, "godoro limerudi chumbani. Mengine ni ya nyumbani kwetu. Wewe andika anaendelea."

Daktari akaandika. Kwa hiyo nanyi mnaosoma mkitaka kujua ile mashine na ile damu vilifanya kazi kiasi gani, mimi sijui, na kwa jinsi ninavyowapenda wale wazee naomba Mungu nisijue. Ninachojua ni sukari iko chini, unga wa simba haupo, na mzee anatembea Mnazi Mmoja kwa mwendo unaonitoa jasho. Kama babu yako kahamia stoo, mfanyie utani mpaka aseme. Akishasema, mpeleke kwa daktari wa kweli. Na bibi aambiwe mapema, msifanye kama sisi.

Siku ile nilibaki dirishani kuchukua dawa. Mlango ukafunguka, wakatoka wawili, wanabishana kama waende kwanza Posta kununua miwani ya Bibi au wakale samaki. Babu alikuwa amembebea mkoba. Wakanipita mgongoni, wakafungua mlango wa nje, wakaondoka.

Muuguzi akaniuliza, "Wewe si umekuja na wale?"

"Ndiyo."

"Mbona wamekuacha?"

Nikachungulia nje. Walikuwa wameshapanda bajaji, Bibi anamwelekeza dereva kwa mkono, Babu anacheka. Nauli yangu ilikuwa kwa Babu. Nikatia mfuko wa dawa ndani ya shati usilowe, nikatembea kwa miguu kutoka Upanga mpaka Kariakoo, manyunyu yananipiga, viatu vinakunywa maji ubavuni, na sijawahi kujivunia kusahauliwa kama siku ile.